Je, Wajua? Windows 10 Imeachwa, Kompyuta Yako Bado Nzima

Je, wajua kwamba Windows 10 iliachwa siku ya Jumanne, na kwamba siku hiyo haikuchaguliwa kwa bahati? Tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa viraka vya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, na toleo linapofikia ukomo huagwa siku hiyohiyo. Windows XP iliagwa tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ikafuata tarehe 14 Januari 2020. Zamu ya Windows 10 ikawa tarehe 14 Oktoba 2025, baada ya miaka kumi na ushei.

Je, wajua kwamba kesho yake hakuna kompyuta iliyogoma kuwaka? Windows 10 inafungua barua zako, inachapisha na kupiga muziki kama juzi na jana. Kilichokoma ni viraka, na madhara yake hayaonekani kwenye skrini. Windows 10 na Windows 11 zinatumia kwa pamoja sehemu kubwa ya programu za ndani. Microsoft inapoziba tundu kwenye Windows 11, wadukuzi hukichukua kile kiraka, hukilinganisha na faili za kabla yake, na hapo hapo wanajua tundu lilikuwa wapi. Aliyebaki na Windows 10 isiyotunzwa analo tundu lilelile, ila hana wa kumzibia. Ndiyo maana hatari huongezeka mwezi hadi mwezi hata kama mwenye kompyuta hajagusa wala kubadilisha kitu.

Mfano upo. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilisambaa duniani kwa saa chache, ikifunga faili za watu na kudai malipo kwa bitcoin. Nchini Uingereza hospitali ziliahirisha upasuaji na kuwaelekeza wagonjwa kwingine. Microsoft ikalazimika kutoa kiraka cha Windows XP, toleo ililokuwa imeshaliacha miaka mitatu nyuma. Lakini kompyuta nyingi zilizoathirika hazikuwa za XP. Zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inatunzwa, na kiraka chake kilikuwa kimetolewa tangu tarehe 14 Machi. Miezi miwili kilikuwepo, wenyewe hawakukiweka. Kwa hiyo usipandishe toleo leo kisha ukazima masasisho kesho ili kuokoa bando. Utakuwa umefanya kazi nusu.

Je, wajua kwamba hakujawahi kuwepo Windows 9? Kutoka 8.1 Microsoft iliruka hadi 10, Julai 2015.

Na je, wajua kwamba Windows 10 ilinadiwa kuwa ndiyo ya mwisho? Mei 2015, kwenye mkutano wa Microsoft mjini Chicago, mfanyakazi wa kampuni hiyo Jerry Nixon alieleza kwamba hili ndilo toleo la mwisho la Windows, kwa maana kwamba lingeendelea kuboreshwa hilohilo miaka nenda miaka rudi. Tarehe 5 Oktoba 2021 Windows 11 ikatoka. Hata hivyo, kwa ndani toleo hilo bado linajitambulisha kwa namba ya zamani: fungua dirisha la amri, andika ver, na Windows 11 itakujibu kwamba yenyewe ni 10.0. Kinachozitofautisha ni tarakimu zinazofuata. Kwenye kompyuta ya nyumbani, kuanzia 22000 kwenda juu ni Windows 11.

Windows 95 ilihitaji kumbukumbu ya megabaiti 4 tu ili iwake. Windows 11 inahitaji gigabaiti 4, yaani mara 1,024 zaidi. Windows 95 iliuzwa kwa disketi 13 zilizopangwa ndani ya boksi, na mtu alikaa akizibadilisha moja baada ya nyingine hadi ya mwisho. Faili la kuweka Windows 11 linazidi gigabaiti 5. Ungelitia kwenye disketi za kawaida, zingehitajika zaidi ya 3,000.

Tuje kwenye swali linalowasumbua watu wengi: kwa nini kompyuta inayofanya kazi vizuri inaambiwa haifai kwa Windows 11? Masharti makuu ni haya: prosesa ya biti 64 iliyo kwenye orodha ya Microsoft, kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, uwezo wa kuzuia programu ngeni zisiingie kabla ya Windows yenyewe kuwaka, na chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0. Kumbukumbu na diski si tatizo kwa laptopu nyingi. Kinachowakwamisha watu ni prosesa na chipu.

Kwa upande wa Intel, orodha inaanzia kizazi cha nane. Kukisoma kizazi ni rahisi ukishajua pa kutazama. Chukua laptopu ya HP EliteBook 840 G3, moja ya mashine zilizoletwa kwa wingi Afrika Mashariki kutoka maofisi ya Ulaya. Ndani yake mara nyingi utakuta i5-6300U. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari: 6. Hicho ni kizazi cha sita, kiko nje ya orodha. Ukiona i5-8250U, hiyo ni ya nane, inaingia. Ukiona i7-10510U, soma tarakimu mbili: ni ya kumi. Usidanganywe na i5 au i7 peke yake. i7 ya kizazi cha nne ina nguvu za kutosha kwa kazi nyingi za nyumbani, lakini Windows 11 inaikataa, na i3 ya kizazi cha nane inapokelewa.

Hapa naomba nitoe hukumu yangu waziwazi: mstari huo si wa kiufundi mtupu. Je, wajua kwamba ipo prosesa moja ya laptopu ya kizazi cha saba iliyoongezwa kwenye orodha, Core i7-7820HQ? Nayo ndiyo iliyomo ndani ya Surface Studio 2, kompyuta ya Microsoft yenyewe. Nyingine nyingi za kizazi cha saba ziliachwa mlangoni. Desemba 2023 kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingeweza kuishia jalalani kwa sababu ya kukoma kwa Windows 10. Nyingi kati ya hizo hazina kasoro yoyote ya vyuma wala skrini. Kampuni inayokata mstari wa namna hiyo ina wajibu kwa watu walionunua mashine zile kwa jasho lao, hasa wale ambao laptopu moja inahudumia nyumba nzima.

Kabla hujakata tamaa, hakikisha umekataliwa kweli. Baadhi ya kompyuta, hasa za mezani zilizoundwa kwa vipuri, zinayo TPM ila imezimwa. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha Enter. Dirisha litakuambia kama chipu ipo na ni toleo gani. Likisema haionekani, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows: kwenye mashine za Intel tafuta neno PTT, kwenye za AMD tafuta fTPM, uwashe. Kazi hiyo haifiki hata nusu saa, na imewaokoa watu na gharama ya kompyuta mpya.

Ila subiri kidogo kabla hujaigusa BIOS. Je, wajua kwamba diski ya kompyuta yako inaweza kuwa imefungwa kwa ufunguo wa tarakimu 48 bila wewe kujua? Ulinzi huo unaitwa BitLocker, na kwenye mashine nyingi mpya hujiwasha wenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Siku za kawaida hutauona. Ukibadilisha kitu kwenye BIOS au kwenye TPM, kompyuta inaweza kuwaka na skrini ya bluu ikidai zile tarakimu 48, na bila hizo faili zako hazifunguki, hata kwa fundi hodari namna gani. Ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uingie, uutafute, uuandike kwenye karatasi. Karatasi, si faili ndani ya kompyuta hiyohiyo.

Je, wajua kwamba leseni ya Windows inaweza kuwa imeshindiliwa ndani ya bodi ya laptopu yako? Tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wamekuwa wakiweka ufunguo wa leseni kwenye BIOS badala ya stika ya chini ya laptopu. Laptopu iliyotoka Ulaya ikafutwa kila kitu, ikavuka bahari, ikafika Kariakoo au Luthuli Avenue, huwa bado inaubeba ufunguo huo. Ukiweka toleo la aina ileile iliyokuja nayo, Home kwa Home, Pro kwa Pro, inajitambua yenyewe mara tu ikipata intaneti. Na kupanda kutoka Windows 10 halali kwenda 11 hakulipiwi leseni. Sasa jiulize kwa nini bado watu wanauziwa zile programu za kuchakachua leseni, ambazo humtaka mtu azime kwanza kinga ya virusi ndipo azifungue. Anayekutaka uzime kinga ili akupe kitu cha bure anakuomba ufunguo wa nyumba. Mlipe fundi muda wake na ujuzi wake, ni haki yake. Usimlipe kwa leseni uliyonayo tayari.

Jambo jingine la kumwambia fundi mapema: hutaki kufomatiwa. Mafundi wengi hupenda kufuta kila kitu na kupiga Windows upya kwa sababu ni haraka, na kweli kuna mashine zilizochafuka kiasi kwamba hiyo ndiyo dawa yake. Lakini kutoka 10 kwenda 11 kuna njia ya kuweka toleo jipya juu ya la zamani, na faili, programu na mipangilio vikabaki. Isipokuwa kwa wenye Windows 10 ya biti 32. Windows 11 haina toleo la biti 32, na biti 32 haipandi kuwa 64 bila kuanza upya. Printa za zamani nazo zikaguliwe. Kama mtengenezaji hakuwahi kutoa draiva ya biti 64, printa hiyo haitatumika. Mwenye duka la kuchapisha na kutoa kopi alijue hili kabla, asilijue wateja wakiwa foleni.

Je, wajua kwamba Microsoft yenyewe iliwahi kufuta faili za watu? Oktoba 2018 ilitoa sasisho kubwa la Windows 10, lile la 1809, na baada ya siku chache ikalisimamisha. Kulikuwa na watu waliohamishia folda ya Documents kwenye diski nyingine, lakini faili zao nyingine zikabaki kwenye folda ya zamani. Sasisho liliiona folda ile ya zamani kuwa ni nakala isiyo na kazi, likaifuta pamoja na vilivyomo. Microsoft ilisema walioripoti walikuwa sehemu ndogo mno, moja ya mia ya asilimia moja. Uchungu zaidi ni kwamba baadhi ya waliolijaribu toleo hilo kabla ya umma walikuwa wameshaandika kulalamikia tatizo hilo, na halikutiliwa uzito. Picha za msiba, picha za harusi, vyeti vilivyoskaniwa, hesabu za kikundi: hivyo vyote vinakiliwe kwenye diski ya nje kabla hujabofya chochote, na diski hiyo ichomolewe, iwekwe kabatini.

Na ukishapanda, una siku 10 tu za kubadili mawazo. Windows ya zamani huhifadhiwa kwenye folda iitwayo Windows.old, na ndani ya siku hizo unaweza kurudi ulikotoka kwa kubofya mara chache. Baadaye folda hufutwa. Ukitaka muda zaidi, upo. Siku hizo 10 zikiwa hazijaisha, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60, na utapewa hadi siku 60. Kwa maoni yangu kila mtu afanye hivi, maana kasoro ya draiva ya sauti au ya kamera haijitokezi siku ya kwanza. Itajitokeza siku ya kikao.

Umeme. Laptopu ijae chaji na ibaki kwenye soketi. Ya mezani ipate UPS ya kukopa ikibidi. Kazi ya kupandisha huenda kwa awamu, kompyuta ikijizima na kuwaka mara kadhaa, na umeme ukikatika katikati mara nyingi hujirudisha kwenye toleo la zamani. Mara nyingi, si mara zote. Asilimia zikisimama pale pale kwa muda mrefu usiizime kwa hasira. Taa ya diski ikiwa bado inapepesa, kazi inaendelea.

Bando nalo lina njia yake. Faili rasmi linapatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft, na flashi ya gigabaiti 8 inalitosha. Pakueni mara moja, mzunguke nalo nyumba hadi nyumba au ofisi hadi ofisi, badala ya kila mmoja kuchoma gigabaiti zake. Na kama intaneti yako ni ya simu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiambie Windows kwamba muunganisho huu ni wa kupimiwa, ili masasisho makubwa yasijipakue bila ruhusa.

Tahadhari hiyo ina historia. Mwaka 2016, Microsoft ilipokuwa ikiwasukuma watu waingie Windows 10, laptopu za mradi wa uhifadhi wa Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, zilianza kujipakulia toleo jipya kupitia intaneti ya satelaiti, porini, mahali ambapo mawasiliano hayo yalitegemewa na askari wanyamapori wanaopambana na majangili wenye bunduki. Mwaka huohuo mwanamke mwenye ofisi ya safari mjini Sausalito, California, aliyeishtaki Microsoft kwa kupandishiwa kompyuta ya kazi bila ridhaa alilipwa dola 10,000. Mashine ni ya mwenye nayo. Kampuni ishauri, ionye, ieleze hatari, lakini kitufe cha kukubali kibaki mkononi mwa aliyeinunua.

Kwa asiyeweza kupanda, Microsoft ilifungua dirisha la nyongeza ya viraka kwa Windows 10 ya nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Njia zake ni tatu: kulipa dola 30, kutumia pointi 1,000 za zawadi za Microsoft, au kukubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft, na hii ya tatu hailipiwi. Leseni moja inatosha kompyuta 10. Sharti ni kuwa na toleo la 22H2. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika winver, uone. Wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya wamepewa bila hata masharti hayo ya kuhifadhi mipangilio, baada ya watetezi wa walaji huko kupaza sauti. Watumiaji wa huku kwetu nao wangestahili hivyo hivyo.

Je, wajua kwamba Zorin OS 18, mfumo wa Linux uliotengenezwa Ireland kwa ajili ya wanaotoka Windows, ulitolewa siku ileile Windows 10 ilipoachwa? Linux haina ada, na EliteBook ya kizazi cha sita inaibeba bila kutweta. Wala si kitu kigeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili. Kwa anayetumia kompyuta kwa intaneti, kuandika barua na kuangalia video, Linux inatosha kabisa. Kwa anayetegemea programu maalumu ya uhasibu au ya usanifu iliyoandikwa kwa Windows tu, haitoshi, na asidanganywe kwamba inatosha. Ijaribu kwanza kwenye flashi. Inawaka kutoka humo bila kugusa diski.

Watu wa Mac wasijione wako salama. Tangu Oktoba 2013 kupandisha toleo kwao ni bure, lakini Apple imetangaza kwamba macOS 26 Tahoe ndiyo ya mwisho kwa mashine zenye prosesa za Intel.

Hata Windows 11 ina ukomo wake, na si mmoja. Kila toleo la mwaka, kwa Home na Pro, hutunzwa miezi 24. Lile la 24H2 linakoma tarehe 13 Oktoba 2026, kwa hiyo aliyelala nalo atalazimika kusogea tena.

Na kama umeamua kununua laptopu iliyotumika, nenda na maswali yako. Omba iwashwe mbele yako. Andika winver, kisha tpm.msc, halafu fungua sehemu inayoonyesha taarifa za kompyuta usome namba ya prosesa kwa macho yako. Laptopu ya kizazi cha sita bado ni mashine ya kazi, ila bei yake iwe ya kizazi cha sita, na uinunue ukijua utaitumia kwa Linux au kwa viraka vya nyongeza. Uliza kama diski ni SSD. Kama siyo, na una pesa ya kitu kimoja tu cha kuongeza, ongeza hiyo. Muuzaji akiapa kwamba inaingia Windows 11 lakini hataki kukuonyesha namba ya prosesa, mwachie laptopu yake uende duka la pili.